MPINGO: MBAO IZAMAYO MAJINI

Somo kwa maseremala, wachonga vinyago na wenye mashamba ya nchi kavu

Twaa vipande viwili vya mbao vilivyo sawa kwa ukubwa, kimoja cha saiprasi na kimoja cha mpingo, ukavitie katika ndoo ya maji. Cha saiprasi kitaelea. Cha mpingo kitashuka moja kwa moja hadi chini kama jiwe. Jaribio hili dogo, ambalo hata mtoto wa shule aweza kulifanya, ndilo mwanzo wa somo letu. Maana uzuri wa mpingo na taabu yake, bei yake kubwa na hatari iliyoupata, karibu yote yatokana na uzito huo.

Watu wengi hulijua jina la mpingo, na mtu mweusi sana husemwa kuwa ni mweusi kama mpingo. Lakini wanaoijua mbao yenyewe, jinsi ikaukavyo, jinsi ichongwavyo, na sababu ya wageni kuitafuta kutoka mbali, si wengi. Matokeo ya kutojua huko ni hasara. Mti uliosimama miaka mia hukatwa kwa saa moja, kisha hupasuka juani na kuishia kuwa kuni. Katika somo hili tutaeleza mti wenyewe, sifa za mbao yake, kazi ya fundi, na namna ya kuuhifadhi. Mwishoni yako maswali ambayo msomaji aweza kujiuliza peke yake, au pamoja na wenzake katika darasa la watu wazima.

1. Mti wenyewe

Mpingo ni mti wa nchi kavu. Huota tangu Senegal upande wa magharibi hadi Ethiopia upande wa mashariki, na kushuka kusini hadi Afrika Kusini. Hata hivyo mpingo mwingi uingiao katika biashara hutoka Tanzania na Msumbiji, hasa katika mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, na ng'ambo ya Mto Ruvuma katika jimbo la Cabo Delgado. Tanzania imeufanya kuwa mti wake wa taifa. Katika Kenya huonekana hapa na pale katika nyika ya Pwani na katika sehemu kavu za Ukambani.

Mgeni atazamiaye kuona mti mkubwa wa fahari atashangaa. Mpingo aghalabu ni mti mdogo, wenye urefu wa futi 15 hadi 30, ingawa mmoja mmoja huweza kufika futi 50. Mara nyingi huwa na mashina kadhaa yaliyopindika, na shina lenye unene wa futi moja huhesabiwa kuwa nene. Gome lake ni la kijivu, matawi machanga yana miiba, na majani hupukutika wakati wa kiangazi. Maua yake ni madogo, meupe, tena yananukia. Matunda yake ni maganda membamba kama karatasi, kila moja likiwa na mbegu moja au mbili.

Kwa maganda hayo twaujua ukoo wake. Mpingo ni wa jamii moja na kunde, maharagwe na njugu. Na kama ilivyo mimea hiyo, mizizi yake ina vifundo ambavyo huongeza rutuba katika udongo. Wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon, na neno hilo la pili limetoka katika Kiyunani, maana yake ni "mti mweusi".

Ukiukata mti huu utaona rangi mbili. Nje, chini ya gome, pana tabaka jembamba jeupe lenye umanjano. Ndani yake kuna kiini, ambacho ni cheusi, na mara nyingine chenye wekundu wa zambarau. Kiini ndicho mpingo autakao fundi. Kinajengwa polepole sana: mti huhitaji yapata miaka 70 hadi 100, na pengine zaidi, ndipo uwe na unene wa kufaa kukatwa. Kwa hiyo mtu aupandaye mpingo katika ujana wake hataukata yeye. Atakayeukata ni mjukuu wake.

2. Jina la kale

Katika Kiswahili tunalo neno jingine la mbao nyeusi, nalo ni abunusi. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na chanzo chake ni cha mbali zaidi, katika lugha ya Wamisri wa kale. Kutoka kwao lilipita kwa Wayunani, likaenea katika lugha nyingi za Ulaya na za Mashariki.

Wamisri hao waliipenda sana mbao hii. Katika hekalu la Malkia Hatshepsut, huko Deir el-Bahari, imechorwa safari ya merikebu zake kwenda nchi ya Punt, yapata miaka 3,500 iliyopita, na miongoni mwa mali zilizoletwa ilikuwamo mbao nyeusi. Mbao hiyo ilitumika pia katika samani za Mfalme Tutankhamun, ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922. Wataalamu waliochunguza mbao za namna hii katika samani za kale za Misri wametambua kwamba zilikuwa mpingo huu huu wa Afrika.

Baadaye jina hilo walipewa pia miti mingine myeusi, hasa ile ya India na Ceylon, nchi ambayo sasa yaitwa Sri Lanka. Miti hiyo si ya jamii ya kunde, wala mbao yake si nzito kama ya mpingo. Basi fundi anunuaye mbao kwa jina tu hana budi kuuliza kwanza: ni abunusi ipi? Mbao zote mbili zaweza kung'aa, lakini hazikauki sawasawa, wala hazifai kwa kazi zile zile.

3. Sifa za mbao

Sifa ya kwanza ni uzito. Bonge la maji lenye urefu wa futi moja, upana wa futi moja na kimo cha futi moja lina uzito wa kilo 28 hivi. Bonge la saiprasi kavu la ukubwa huo lina kilo 14 hivi. Bonge la mpingo lina kilo 34 hadi 36. Hii ndiyo sababu mpingo huzama: hauna nafasi nyingi za hewa ndani yake, bali umejaa.

Sifa ya pili ni ulaini wa nyuzi. Nyuzi zake ni nyembamba na zimeshikana sana, hata jicho haliwezi kuona matundu yake kwa urahisi. Kwa hiyo fundi aweza kuchonga kitu kidogo sana, kama kidole cha mtu katika kinyago kisichozidi kiganja, na kisivunjike.

Sifa ya tatu ni mafuta. Mpingo una mafuta ya asili ambayo huuzuia usinywe maji upesi, na mchwa hawaupendi. Kwa sababu hiyo tangu zamani umefanywa mihimili, michi na vipini.

Sifa ya nne ni kutulia. Mbao nyingi huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa jua. Mpingo uliokaushwa barabara hubadilika kidogo mno. Fundi akitoboa tundu la kipimo fulani, kipimo hicho hukaa vile vile. Tena waweza kukata ndani yake njia za skurubu kama katika chuma, nazo zikashika imara.

Sifa ya tano ni kung'aa. Haupakwi rangi, wala hauhitaji vanishi. Ukisuguliwa ipasavyo hung'aa wenyewe.

4. Kuukausha

Hapa ndipo mali nyingi hupotea, na msomaji asome kwa makini.

Mti uliojaa huyaachia maji yake polepole. Gogo likilazwa juani, ncha zake mbili hukauka upesi na kunywea, huku sehemu ya kati ikingali mbichi na imevimba. Ncha zikivutwa hivi, hupasuka. Na ufa uliokwisha kuanza huenda ndani kila siku. Ndiyo maana mtu aweza kulaza gogo zuri leo, na baada ya mwezi mmoja akakuta halina hata kipande kizima cha futi mbili.

Njia iliyo njema ni hii. Kwanza, mara tu mti ukatwapo, zipake ncha zote nta iliyoyeyushwa, au rangi nzito ya mafuta, ili maji yasitokee huko. Pili, lipasue gogo kwa urefu wake kupita katikati, kwa maana nyufa nyingi huanzia katika moyo wa mti. Tatu, kata vipande vilivyo vikubwa kidogo kuliko kitu utakacho kukifanya, na ncha mpya uzipake tena. Nne, vipange kivulini, mahali penye hewa, juu ya mawe au magogo, na kati ya safu na safu uweke fito ili upepo upite.

Baada ya hayo, subiri. Haraka haraka haina baraka, na methali hii haikusemwa kwa kitu chochote kwa kweli zaidi kuliko mpingo. Vipande vinene huhitaji miaka miwili au mitatu, na wengine huviacha zaidi. Asiyeamini macho yake na atumie mizani: apime kipande kimoja kila mwezi na kuandika uzito wake. Maadamu uzito unapungua, kipande ni kibichi bado. Uzito ukikaa pale pale miezi kadhaa, kipande kimekauka.

5. Kazi ya fundi

Seremala aliyezoea saiprasi au mkangazi atahisi kana kwamba anachonga mfupa. Patasi hupoteza makali upesi, na randa iliyofunguliwa sana hurarua badala ya kuranda. Basi jambo la kwanza ni kinoo. Noa chombo kabla ya kuanza, na ukinoe tena kabla hakijawa butu. Ifungue randa kidogo tu, itoe maganda membamba kama karatasi ya barua.

Ukitoboa kwa kekee, itoe kila mara ili vumbi litoke. Tundu likijaa vumbi, kekee hupata moto na mbao huungua au kupasuka. Msumari usipigiliwe kamwe, kwa maana ama utapinda, ama mbao itapasuka. Skurubu itobolewe njia yake kwanza, na ipakwe sabuni au nta kabla ya kutiwa.

Gundi nayo yataka akili. Mafuta yaliyomo ndani ya mpingo huizuia isishike. Kwa hiyo sehemu mbili za kuunganishwa zirandwe siku ile ile, zifutwe kwa spiriti, na zitiwe gundi kabla mafuta hayajatokea tena juu.

Kazi ambayo mpingo huipenda kuliko zote ni kukerezwa. Katika mashine ya kukerezea hutoka safi na laini, na mistari myembamba ikabaki na ncha zake kali bila kumeguka. Kisha husuguliwa kwa msasa, tangu ule wa kukwaruza hadi ule laini kabisa, na mwisho kwa kitambaa chenye nta au mafuta kidogo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Vumbi la mpingo laweza kuwadhuru watu wengine: ngozi huwasha na kutoka vipele, macho huvimba, kifua hubana. Fundi na afanye kazi mahali penye hewa, ajifunge kitambaa puani na mdomoni, na anawe mikono na uso kabla ya kula. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuikataa mbao hii asijilazimishe. Mara nyingi hali huzidi kuwa mbaya, haipungui.

6. Matumizi yake

Mtu asikilizaye bendi ya askari siku ya sherehe huona vyombo virefu vyeusi vyenye vifungo vya fedha. Hizo ni klarineti, na nyingi zilizo bora hufanywa kwa mpingo. Katika karne ya 18 klarineti zilifanywa zaidi kwa mti wa Ulaya wenye rangi ya manjano. Lakini katika karne ya 19 vyombo hivi viliongezewa vifungo vingi vya madini, na kila kifungo kilihitaji kushikiliwa imara katika mbao. Tena pumzi ya mpigaji ina unyevu, na unyevu huvimbisha mbao ya kawaida na kuharibu sauti. Mafundi wa Ulaya walitafuta mbao ishikayo skurubu, isiyonywa maji na isiyobadilika kipimo. Sifa hizo zote tumekwisha kuzieleza, nazo zimo katika mpingo. Hivyo ukachukuliwa kwa klarineti, kwa oboe, kwa filimbi ndogo, na kwa zile zumari za mifuko zipigwazo na Waskoti.

Yafaa watu wa Pwani wakumbuke kwamba oboe ni ndugu wa zumari yetu. Vyote viwili hupigwa kwa matete mawili yaliyofungwa pamoja, ambayo hutetemeka mdomoni mwa mpigaji. Chombo cha nchi za mbali na chombo cha arusi ya Mombasa ni vya ukoo mmoja.

Katika Afrika ya Mashariki yenyewe mpingo umejulikana zaidi kwa vinyago. Wamakonde, ambao nchi yao iko pande zote mbili za Mto Ruvuma, walikuwa wachongaji stadi tangu zamani, ingawa vinyago vyao vya ngoma ya mapiko vilichongwa kwa miti myepesi. Katika miaka ya 1950 wengi walihamia Dar es Salaam na sehemu nyingine kutafuta kazi, na uchongaji wa mpingo kwa ajili ya kuuza ukakua sana. Hapo zilitokea namna mbili zilizopata sifa duniani: vinyago vya mashetani, vyenye maumbo ya ajabu, na vile viitwavyo ujamaa, ambavyo watu wengi hupandana na kushikana katika gogo moja.

Katika Kenya uchongaji wa biashara uliota mizizi Ukambani. Husimuliwa kwamba Mutisya wa Munge, mwenyeji wa Wamunyu, alikwenda Tanganyika pamoja na majeshi ya Waingereza wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, akajifunza kuchonga kwa mafundi wa huko, na aliporudi akawafundisha jamaa zake. Kutoka kijiji hicho kazi ilienea hadi Nairobi na Mombasa. Mpingo ulikuwa mmojawapo wa miti iliyochongwa, pamoja na muhugu, ambao tutauzungumza tena hapa chini.

Mbali na hayo, vipande vidogo hufanywa bakora, vipini vya visu, vitana, vifungo vya nguo, tasbihi na vipande vya mchezo wa sataranji. Fundi mwenye busara hatupi kipande cha mpingo kwa sababu ni kidogo.

7. Mpingo wa kweli na wa uongo

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini sokoni kibaya mara nyingi hujipaka rangi kwanza. Vinyago vingi viuzwavyo kuwa ni mpingo ni vya mti mwingine uliosuguliwa rangi nyeusi ya viatu. Mnunuzi na afanye hivi: akipime mkononi, kwa maana mpingo ni mzito kupita inavyodhaniwa, akisugue kwa nguvu kwa kitambaa cheupe kikavu, aone kama rangi yatoka, na akwaruze kidogo chini ya kitako, mahali pasipoonekana, aone kama weusi umo ndani au umepakwa juu tu. Tabaka jeupe la nje likibaki katika kinyago si kasoro. Mara nyingi ni ushahidi kwamba mpingo ni wa kweli. Jaribio la maji peke yake halitoshi, kwa kuwa ipo miti mingine mizito izamayo.

Mchongaji naye ajue kwamba anayeuza rangi ya viatu kwa jina la mpingo humwibia mwenzake anayeuza mpingo. Mnunuzi akidanganywa mara moja hatarudi, wala hatauliza nani alikuwa mkweli.

8. Hasara ya msituni

Sasa tufike kwenye jambo zito. Katika kila sehemu kumi za mpingo zipelekwazo kiwandani kupasuliwa kwa ajili ya klarineti, haipatikani hata sehemu moja kamili ya mbao ifaayo. Nyingine zote huondolewa kwa sababu ya nyufa, mafundo, kupindika, tabaka jeupe, au uvundo wa ndani. Maana mipingo mingi mikubwa ni mashimo katikati, na anayeitazama kwa nje hawezi kujua. Moto wa nyika huzidisha hasara hii. Huunguza gome, na jeraha la gome ni mlango wa uozo. Miche midogo huiua kabisa.

Weka pamoja hesabu hizo mbili: miaka mia ya kukua, na chini ya sehemu moja katika kumi ya kutumika. Mtu akiukata mti kabla ya wakati, au akiuchoma makaa, hapotezi kuni tu. Hupoteza kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha katika maisha yake wala ya mwanawe. Makaa ya mpingo kwa kweli yana moto mkali, hata wahunzi huyapenda. Lakini makaa yapatikana katika miti mingine.

Asiyeamini kwamba mti waweza kwisha, na autazame muhugu wa Kenya. Wachongaji waliutegemea sana, kwa kuwa mbao yake ni nzuri na yanukia. Walikata bila kupanda, hata ikawabidi kwenda mbali zaidi na zaidi kuutafuta. Katika miaka ya 1990 wachongaji wakaanza kuhimizwa kutumia mwarobaini na miti mingine ikuayo upesi. Kazi iliokolewa na mti wa shambani, baada ya msitu kuchoka.

Mataifa nayo yaliona hatari. Isije ikadhaniwa ni jambo la zamani. Ilikuwa tarehe 2 Januari 2017, ndipo miti yote ya ukoo wa mpingo ilipotiwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ili isipelekwe nchi za nje bila kibali. Kuanzia tarehe 26 Novemba 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zilisamehewa. Magogo na mbao hazikusamehewa.

9. Mfano wa Kilwa

Katazo peke yake haliuhifadhi mti. Mwanakijiji asiyepata chochote kutokana na mpingo hana sababu ya kuulinda na moto. Kwa hiyo yafaa kuangalia mfano wa wilaya ya Kilwa, kusini mwa Tanzania.

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu katika ardhi yao na kuisimamia vyenyewe. Wanakijiji huchagua kamati, hupima miti iliyopo, huandika mpango, na kukata kwa kadiri msitu uwezavyo kurudisha. Mnunuzi hawezi tena kuja na lori na kujikatia. Hununua kwa kijiji, kwa bei iliyopatanwa, na fedha huingia katika mfuko wa kijiji. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachomthibitishia mnunuzi kwamba mbao imetoka katika msitu unaotunzwa vema. Vilikuwa vya kwanza katika Afrika kupata cheti hicho kwa msitu wa asili ulio mikononi mwa wanakijiji.

Tunalojifunza huko ni hili: mti ule ule, katika udongo ule ule, ulikuwa mali ya mpitanjia mpaka wenyewe walipoujua na kuuhesabu.

10. Kuupanda

Kuuotesha mpingo si kazi ngumu. Chuma maganda yaliyokauka yakingali mtini. Loweka mbegu katika maji baridi usiku mmoja, kisha uzipande katika vikopo au mifuko yenye udongo mwepesi. Zikiwa nzuri huota katika majuma mawili au matatu. Miche ikipata nguvu, ihamishe shambani mvua zinapoanza, mahali penye jua, kwa sababu mpingo haupendi kivuli. Katika miaka ya kwanza palilia, zungusha njia safi ya kuzuia moto, na uwazuie mbuzi na ng'ombe, ambao huyapenda majani yake. Mpingo huchipua pia kutoka katika mizizi; ukiona machipukizi karibu na mti wa zamani, usiyafyeke, bali chagua yaliyonyooka uyaache.

Na kabla ya kukata mti wowote uliosimama, hata ulio shambani mwako, muulize kwanza ofisa wa misitu wa mahali pako, upate kujua sheria na kibali kitakiwacho.

Mwenye shamba atasema: nipande kitu ambacho sitakivuna? Lakini mti unaokatwa leo Lindi au Cabo Delgado nao haukuvunwa na watu waliouona ukiwa mche. Walipita, wakauacha. Sisi tunaokula matunda ya subira yao tunadaiwa subira ya namna hiyo hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mpingo huzama majini na saiprasi huelea?
2. Kuna tofauti gani kati ya mpingo na abunusi ya India?
3. Gogo la mpingo likilazwa juani hupatwa na nini, na kwa sababu gani?
4. Utajuaje kwa mizani kwamba kipande kimekauka?
5. Taja sifa tatu za mpingo zilizowafanya mafundi wa klarineti kuuchagua.
6. Fundi ajilinde vipi na vumbi la mpingo?
7. Ikiwa kijiji chako kina mipingo 40, ni mambo gani yapasa kufanywa kabla ya kuuza hata mmoja?
8. Wachongaji wa Kenya walijifunza nini kutokana na muhugu?